Mstari wa Nne wa Kadi

12 Februari 1987

Mpwa wangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Mimi ni mzima, ukiacha goti la kushoto, ambalo siku hizi linatabiri mvua vizuri kuliko redio. Binamu yako amepata mtoto wa pili, msichana. Analia kwa sauti iliyo wazi na anapumzika mahali panapostahili, jambo ambalo baba yake hajajifunza mpaka leo. Nyumba ya mama yako ina wapangaji, mume na mke, watu watulivu. Cherehani yake iko kwangu, imefunikwa kitambaa, kando ya meza ninayoandikia.

Miaka mitatu imepita bila barua kutoka kwako. Siandiki ili kulalamika. Naandika kwa sababu ya kazi.

Nilipostaafu usahihishaji pale kiwanda cha uchapaji, niliingizwa katika jopo la wazee wanne wanaotunga kamusi ndogo ya maneno ya kigeni yaliyokwisha kuhamia katika lugha yetu. Kila mjumbe ana maneno yake. Mimi ninalo "sori". Neno hili nimelipinga miaka arobaini. Nimelifuta kwenye prufu, zile nakala za kusahihishwa kabla ya kuchapwa, za magazeti, za vitabu vya shule, hata za tangazo la kuuza godoro. Lakini kamusi haiulizi mzee anapenda nini, inauliza watu wanasema nini. Wewe unaishi na wenye neno, unawasikia kutwa kucha. Nakuomba unikusanyie mifano.

Utaratibu ni huu. Kila mfano uwe na kadi yake. Mstari wa kwanza, neno. Wa pili, lilivyosemwa na katika hali gani. Wa tatu, aliyesema. Wa nne, aliyeambiwa. Wa tano, tarehe. Usitunge mfano wowote, hata ukiwa mzuri. Mfano wa kutunga hujulikana, kama meno ya bandia. Nimekufungia kadi ishirini tupu.

Ni mimi,
Mjomba wako


20 Aprili 1987

Shikamoo Mjomba,

Hongera ya mjukuu. Mpe binamu pole ya usingizi. Mimi sijambo. Bado niko kazini pale pale, chumba cha kufulia cha hoteli. Kiko chini ya ardhi, kina mashine sita, na mvuke, na dirisha moja la juu linaloonyesha viatu vya wapita njia. Nakunja shuka. Ninapoishi ni chumba kimoja chenye kitanda, meza, na jirani anayekohoa ng'ambo ya ukuta. Tunajuana kwa kikohozi tu.

Barua yako nimekaa nayo wiki sita. Nilipoona mwandiko wako juu ya bahasha nilidhani hatimaye umenijibu. Nikaifungua, zikamwagika kadi. Nilicheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta.

Unasema miaka mitatu bila barua. Lakini ya mwisho uliipata Mjomba, kwa maana ulinirudishia. Nilikuandikia siku nne baada ya telegramu ya msiba, na wewe ukaisahihisha kwa wino mwekundu. Makosa kumi na moja. Chini ukaandika, "Inasomeka. Angalia viambishi." Mle ndani nilikuuliza jambo moja. Uliniongezea alama ya kuuliza niliyokuwa nimeisahau, na jibu hukunipa.

Sasa nauliza tena, na alama nimeiweka mwenyewe. Mama alikufa akiwa amenikasirikia?

Siku naondoka hakuja kituoni, unakumbuka. Alisema ana gauni la mteja, linatakiwa siku ile ile, na akasema mtu anayekwenda mbali hivyo hahitaji kusindikizwa. Nilitoka na sanduku huku naisikia cherehani chumbani kwake inakwenda. Nikaita, "Mama, natoka." Haikusimama. Mpaka nafika kona bado nilikuwa naisikia. Mwaka uliofuata akafa. Aliyekuwa naye siku za mwisho ni wewe.

Kadi kumi na nne zimo humu. Huku neno lako ni kama hewa. Mtu akikugusa kwa kiwiko dukani, sori. Akitaka kupita, sori. Asiposikia ulichosema, sori, ila hapo anapandisha sauti mwishoni. Na msimamizi wetu hulitanguliza kabla ya kukupa habari mbaya, kama mtu anayepiga hodi huku ameshaingia ndani.

Mpwa wako


3 Juni 1987

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako imefika salama pamoja na kadi zote. Goti linaendelea na kazi yake ya utabiri. Mtoto wa binamu yako ameota jino moja na tayari amemwuma nalo daktari. Kwa upande wangu hakuna jipya. Nimezoea kupika sufuria ndogo.

Kadi zako ni nzuri kuliko za wajumbe wenzangu, ambao huokota mifano kwenye vitabu. Nimezipanga mafungu manne. La kwanza ni sori ya kupishana, ambayo haina hatia ndani yake. La pili ni ya kutosikia, ambayo ni swali. La tatu ni ya kukataa, kama karani wa posta alivyomwambia yule mzee mwenye kifurushi kilichofungwa vibaya. La nne ni ya kutangulia ubaya, ya huyo msimamizi wenu. Fungu la tano nimeliandalia nafasi lakini halina kadi hata moja. Ni pale mtu anapolisema kwa sababu ametenda kosa, analijua, na anamkabili aliyekosewa. Ikiwa watu wanalisema kutwa nzima, lazima kuna siku moja huwa wanalimaanisha. Endelea kusikiliza.

Nimeona jambo jingine. Kadi ni kumi na nne. Kwenye mstari wa nne umeandika: mteja, mzee mwenye kifurushi, mfanyakazi mwenzangu, mama mwenye mtoto, dereva, mteja, mteja. Nimezisoma mara mbili nikidhani nimeruka moja. Hakuna hata kadi moja iliyoandikwa "mimi". Hata ile ya kiwiko dukani, aliyegongwa ni mtu mwingine, wewe ulisimama ukitazama. Je, unazungumza na nani huko? Mama yako alikuita Chiriku kwa sababu ulikuwa hunyamazi hata ukila.

Kuhusu swali lako, mama yako alikuwa amechoka sana siku zile, na kifua kilimbana. Mtu aliyechoka husema mengi na machache. Ni vyema kumwacha apumzike.

Kalamu uliyotumia inavuja. Tafuta nyingine.

Mjomba wako


9 Agosti 1987

Shikamoo Mjomba,

Salamu kwa binamu na mwenye jino. Kalamu nimebadilisha.

Sentensi yako ile nimeisoma kwa sauti humu chumbani. "Mtu aliyechoka husema mengi na machache." Umetumia miaka arobaini kuwafundisha watu waseme jambo moja likaeleweka, halafu unaniandikia hivyo. Ningekuwa na wino mwekundu ningekupigia mstari.

Umeuliza nazungumza na nani. Mashine haziruhusu mazungumzo. Tuko wanne mle ndani na tunaelewana kwa mikono: kidole juu maana yake shuka kubwa, ngumi maana yake mito. Saa ya chakula wenzangu wawili hukaa pamoja kwa sababu wana lugha yao, na wa tatu husoma gazeti. Mimi hukaa chini ya dirisha naangalia viatu. Nikirudi chumbani nazungumza na birika. Wiki nyingine sauti yangu naisikia Jumatatu asubuhi na Ijumaa jioni tu, nikisema nimefika na naondoka.

Ndiyo sababu hukuona "mimi". Ila sasa ninayo moja, iko humu.

Mwezi uliopita nilishona kishikizo cha koti la kazi wakati wa chakula. Yule wa gazeti akanitazama akasema nashona kama fundi, nani alinifundisha. Nikasema mama. Akauliza, yuko wapi. Nikamwambia alishafariki. Akakunja gazeti, akasema sori. Gazeti hakulifungua tena mpaka kengele ikalia.

Ni neno lile lile analolisema akimkanyaga mtu. Nilikaa siku nzima nikijiuliza, yeye kosa lake ni lipi hapo, hakumjua mama, hakumwua. Nikaona labda mtu hulisema vilevile akisimama mbele ya kitu ambacho hawezi kukitengeneza. Hilo liweke fungu lolote utakalo.

Na huyo mama mwenyewe ndiye wa kwanza kuniambia neno hilo, tena nikiwa mdogo. Alikuwa akinipima nguo, pini ikinichoma, anasema, "Sori, Chiriku," huku ana pini nyingine sita mdomoni. Wewe ulikuwa ukisikia unakunja uso. Nakumbuka alikwambia, "Kaka, wewe kunja, mimi nakunjua."

Kadi tano zimebaki. Sitazijaza mpaka unijibu. Swali ni fupi, hata wewe huwezi kulifupisha zaidi.

Mpwa wako


28 Oktoba 1987

Shikamoo Mjomba,

Wiki kumi na moja sasa. Nimeuliza posta, wanasema barua hazijachelewa. Karani aliniambia sori, fungu la tatu.

Kama ni goti, mwambie binamu aniandikie mistari miwili. Kama umekasirika, niandikie umekasirika, nitafurahi kuona mwandiko tu. Huku baridi imeanza. Jirani wa kikohozi amehama, au sijui ni nini. Chumba chake kimya.

Usiniache na kimya cha watu wawili Mjomba. Tayari ninacho cha mmoja.

Mpwa wako


6 Desemba 1987

Mpwa wangu,

Marahaba. Sikuumwa. Goti ni lile lile. Mtoto anasimama kwa kushika kiti. Sina habari nyingine ya kujificha nyuma yake, kwa hiyo naingia.

Jopo halikunipa neno "sori". Maneno yaligawanywa, hilo likaangukia kwa mwenzangu, na mimi nikamwomba tubadilishane. Nilimpa matatu kwa moja. Alishangaa, kwa sababu anajua nilivyolichukia. Nililitaka kwa sababu mama yako alilisema mbele yangu na mimi nikalifuta.

Wiki yake ya mwisho, siku ya Jumanne, alinituma kuleta karatasi. Alisema anataka kukuandikia, ila mkono hauna nguvu. Nikakaa kwenye kiti chake cha kushonea, nikaandika kwa penseli kila alichosema, maana alikwenda kwa pumzi fupi na sikuwa na nafasi ya kuchagua. Nilipofika nyumbani niliisoma. Niliona marudio, sentensi zisizo na mwisho, na neno lile mara tatu. Nikasema barua hii haiwezi kusafiri ng'ambo hivi ilivyo. Nikainakili kwa wino. Marudio nikayatoa. Pale aliposema "sori" nikaweka "naomba radhi". Pale aliposema "kukutoa kituoni" nikaweka "kukusindikiza". Ilikuwa barua nzuri.

Alhamisi nikampelekea aweke sahihi. Nilimsomea yote. Alisikiliza macho yamefumba, na nilipomaliza akasema, "Nzuri sana, kaka. Ya nani?"

Nikamwambia ni yake. Akasema, "Mimi siongei hivyo. Chiriku akisoma mstari mmoja atajua ni wewe. Atasema mama hata kuniambia sori kamtuma mjomba. Ile ya penseli iko wapi? Mtumie ile."

Nikamwambia ile ina makosa. Akasema, "Na mimi ninayo. Mtumie."

Niliona amenidharau. Mtu niliyefanya kazi hiyo maisha yangu yote, nikafanya kwa mapenzi, na akaikataa kwa maneno mawili. Nikamwambia nitarudi Jumamosi tulizungumze akiwa na nguvu. Jumamosi sikwenda. Nilikuwa na prufu za kusoma, lakini si kweli kwamba zilinizuia, zingeweza kungoja. Nilitaka aniite. Jumapili saa nne asubuhi jirani yake akaja mlangoni kwangu, na nilipomwona amevua kofia nilijua.

Ya wino niliichana siku ile. Ya penseli sikuweza kuichana wala kuituma. Kuituma kungenilazimu kueleza kwa nini imechelewa. Kisha ikaja barua yako, na ndani yake lile swali, na jibu liko kwenye droo yangu umbali wa mkono mmoja. Sikuisoma barua yako, mpwa wangu. Niliisahihisha. Nilishika kalamu nyekundu kwa sababu ukiishika hiyo huulizwi kitu. Uliyekuwa unaulizwa ni wewe.

Sasa naituma. Karatasi yenyewe ni hiyo, sikuigusa. Penseli imeanza kufifia, kwa hiyo nainakili pia hapa chini, neno kwa neno, isije ikapotea njiani:

"Chiriku. Ni mimi mama yako. Nipo, ni kifua tu. Sori mwanangu sikuja kukutoa kituoni. Lile gauni nilikuwa nimelimaliza tangu juzi yake. Nilikuwa nimekaa tu pale nakanyaga cherehani bila uzi ili usikie nashona usije ukaingia. Ungeingia ningekushika usiondoke na ungenichukia mbele ya safari. Ulivyoniita nilisikia. Nilikanyaga mpaka ukapita kona halafu nikakanyaga tena kidogo. Sikukasirika. Nilisema nimekasirika kwa sababu hiyo nilikuwa naijua kufanya. Kula vizuri. Nywele usikate. Gauni lako la kijani nimelipunguza kiuno liko kabatini, ukija utalikuta. Sori eh. Mjomba wako hapa amekunja uso lakini andika hivyo hivyo kaka, sori."

Gauni la kijani lipo. Nililichukua pamoja na cherehani.

Nimekufungia pia kadi mbili nilizozijaza mwenyewe kwa wino mweusi. Ya kwanza, aliyesema ni dada yangu, aliyeambiwa ni Chiriku. Hiyo ndiyo kadi ya kwanza ya fungu la tano. Ya pili, kwenye mstari wa pili nimeandika hivi: "Sori sikurudi Jumamosi, na sori kwa miaka iliyofuata." Aliyesema ni mimi. Mstari wa nne nimeuacha wazi. Aliyeambiwa ndiye anayejua kama ameambiwa. Ukitaka jaza, usipotaka nirudishie hivyo hivyo. Nitaelewa.

Mjomba wako


21 Februari 1988

Shikamoo Mjomba,

Barua yako ilifika Januari. Nilikuwa natoka kwenda kazini, nikaisoma ngazini, sikwenda kazini. Siku hiyo ndiyo ya kwanza kukosa tangu nifike huku. Kesho yake msimamizi akaniuliza kulikoni nikamwambia nimepata barua ya mama. Akasema, "Si ulisema alifariki?" Nikasema ndiyo. Akaniacha.

Nimeisoma ile ya penseli mpaka naijua. Naisema kwa sauti hapa chumbani, kwa sauti yake, na pumzi nazikata alipozikata. Umeandika kila kitu. Hata ile "eh". Sikujua kama mkono wako unaweza kuandika "eh".

Nimekukasirikia sana Mjomba. Nilikuwa naamka nikikuandikia barua kichwani, zote mbaya, zote bila makosa. Miaka minne nimekunja shuka za watu huku naisikia ile cherehani, na wewe uzi ulikuwa nao kwenye droo. Sijui nitaacha lini kukasirika. Sitaki kukuandikia kwamba yameisha wakati hayajaisha. Mama alifanya hivyo upande mwingine, ona ilivyotufikisha.

Yule wa gazeti nimemsomea. Nilimtafsiria polepole wakati wa chakula, nikamwonyesha karatasi. Nilipofika pale pa kukanyaga bila uzi alitazama dirisha, na akaniomba nirudie. Sasa tunakaa benchi moja. Hatuongei sana. Ila gazeti huwa ananipa nusu.

Kadi ya mama sikurudishii. Kamusi yenu itafute mfano mwingine, huo ni wangu.

Gauni la kijani usimpe mtu. Nimeomba likizo ya Septemba, sijajibiwa bado. Wakikataa wataanza na neno lako, kwa hiyo nitajua mapema.

Barua hii ina makosa, mengine nimeyaona. Nimeyaacha.

Kadi yako ya pili imo humu. Imekaa mezani wiki tano, nimekula chakula mbele yake. Jana nimejaza mstari wa nne. Nimeandika "mimi".

Nimeandika kwa penseli.

Mpwa wako,
Chiriku